Tangi Kubwa Halitaki Pampu Kali

Kwenye boksi la karibu kila kichujio cha tangi la samaki kuna namba moja iliyochapwa kwa wino mnene kuliko nyingine zote: lita kwa saa. 1,000, 1,400, 2,000. Mtu anayetafuta kichujio cha tangi kubwa la sebuleni huisoma namba hiyo kama anavyosoma nguvu ya injini ya gari, akiamini kwamba kilichoandikwa namba kubwa ndicho bora. Anakileta nyumbani, anakifunga, na ikifika saa 5 usiku, televisheni imezimwa na watoto wamelala, anasikia mvumo unaotoka kabatini na kuendelea mpaka alfajiri. Akilalamika anaambiwa kwamba hiyo ndiyo gharama ya maji safi: ukitaka kichujio chenye nguvu vumilia kelele, na ukitaka kimya punguza samaki. Makala haya yanapinga ushauri huo. Katika tangi kubwa, ukimya na usafi wa maji hutoka mahali pamoja, nako ni ukubwa wa kichujio chenyewe: lita ngapi za sponji na vipande vya kauri kinabeba tumboni. Kasi ya pampu ina nafasi yake, lakini ni nafasi ndogo kuliko boksi linavyotaka tuamini, na mara nyingi kasi hiyohiyo ndiyo inayotuletea kelele.

Ili hoja isielee hewani, tushike tangi moja. Lina urefu wa sentimita 150, upana wa 50 na kimo cha 60, hivyo kwa kipimo cha vioo linachukua lita 450. Ukiondoa mawe, mchanga na pengo la juu, maji yenyewe ni kama lita 400. Ndani yake wanaishi samaki wa Ziwa Tanganyika. Wafugaji wengi wa matangi makubwa, hata walio mbali kama Ujerumani na Marekani, huvutwa na samaki hao, na wana sababu. Ziwa hilo, linalopakana na Tanzania, Congo, Burundi na Zambia, lina zaidi ya aina 200 za samaki wa ukoo mmoja na perege na sato, na wengi wao hawapatikani kwingine kokote duniani. Wamo Tropheus wanaokwangua mwani kwenye mawe ya ufukweni, na wamo Cyphotilapia frontosa wenye nundu kwenye paji na mistari mipana myeusi, ambao dume lake hufikia sentimita 30. Jirani zao wa Ziwa Nyasa, wale waitwao mbuna kwa neno la Kitonga cha Malawi ambalo sasa linatumiwa na wafugaji wa dunia nzima, hufugwa kwa namna inayokaribiana. Wote wametoka kwenye maji ya alkali yenye joto la nyuzi 25 hivi, ila Tanganyika ndiyo iliyozidi: pH yake hukaribia 9. Kipimo hicho kinastahili kukumbukwa, kwa sababu ndicho kinachogeuza uchaguzi wa kichujio kuwa jambo la uhai.

Sumu ya samaki haitoki kwa njia ya haja peke yake. Sehemu kubwa ya amonia anayoitengeneza mwilini huitoa kwa matamvua, yale mashavu mekundu anayopumulia, saa zote za mchana na usiku. Wafugaji wa samaki wa chakula wana kanuni ya kukadiria kiasi chake: chukua uzito wa chakula, zidisha kwa kiwango cha protini, kisha zidisha kwa 0.092, na utapata nitrojeni ya amonia itakayoingia majini. Samaki wetu wakila gramu 10 kwa siku za chakula chenye protini asilimia 40, inatoka gramu 0.37, yaani miligramu 370. Igawe kwa lita 400 na utaona kwamba kila lita inaongezewa karibu miligramu 1 kila siku. Amonia hiyo huwa na sura mbili majini, moja isiyo na madhara makubwa, na nyingine ya gesi inayopenya matamvua na kuua. Katika maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, ya gesi haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 8 inakuwa asilimia 5. Kwenye pH 9 inapita theluthi moja. Kwa hiyo uzembe ambao samaki wa mito ya Amazon, waliozoea maji ya asidi, wangeuvumilia kwa siku kadhaa, samaki wa Tanganyika hauwapi nafasi ya kuvumilia.

Ni kweli basi kwamba tangi hili linahitaji kichujio chenye uwezo. Swali ni uwezo wa nini. Tuzifuate zile miligramu 370 hadi ndani ya kichujio. Kwa saa moja ni kama miligramu 15. Tuseme pampu yetu, baada ya kupoteza nguvu kwenye sponji na mipira ya maji, inapitisha lita 800 kwa saa, yaani inayazungusha maji yote ya tangi mara 2. Gawanya 15 kwa 800: kila lita inayopita inatakiwa kupunguziwa amonia miligramu 0.02 tu. Bakteria wanaoifanya kazi hiyo wanahitaji oksijeni, na hesabu yake inajulikana: miligramu 4.57 za oksijeni kwa kila miligramu 1 ya nitrojeni ya amonia. Hiyo ni kama miligramu 70 kwa saa, wakati zile lita 800 zinaingia na zaidi ya miligramu 6,000. Hata ukiwahesabia bakteria wengine wanaokula mabaki ya chakula na kinyesi, oksijeni bado inabaki ya kutosha. Sasa funga pampu kali inayopitisha lita 2,000. Bakteria watapata nini cha ziada? Samaki hawakuongeza kula, kwa hiyo amonia ni ileile, imetawanywa tu katika maji mengi zaidi yanayopita mbio. Kazi haikuongezeka na wafanyakazi hawakuongezeka. Kilichoongezeka ni umeme, msuguano na kelele.

Kinachopungukiwa katika vichujio vidogo ni makazi. Bakteria hawa hawaelei majini; wanashika kwenye kuta za vitundu vya sponji na kauri, wakitengeneza utando mwembamba wenye utelezi. Kichujio chenye lita 2 za sponji kikipewa kazi ya tangi la lita 400 kitaiweza siku za mwanzo, kisha uchafu utajaa kwenye vitundu, utando utafunikwa, maji yatatafuta mwanya pembeni na kupita bila kuchujwa, na mwenye tangi atalazimika kukiosha kila wiki. Kila anapokiosha anapunguza walewale bakteria anaowahitaji. Kichujio chenye lita 10 kikipokea uchafu huohuo hukaa miezi 2 au 3 bila kuguswa. Muda huo wa utulivu una thamani kuliko namba yoyote iliyoandikwa kwenye boksi.

Utafiti wa miaka ya karibuni unaongeza uzito hapa. Zamani vitabu vya ufugaji wa samaki wa nyumbani viliwataja bakteria wa Nitrosomonas na Nitrobacter kama wenye kichujio. Mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walionyesha kwamba katika matangi ya maji baridi wanaogeuza nitriti, ile hatua ya kati baada ya amonia, kuwa nitrati ni wa jamii ya Nitrospira. Mwaka 2011 watafiti wa Kanada wakaonyesha kwamba katika vichujio vingi vya maji baridi wanaoishughulikia amonia kwa wingi ni akea, viumbe wadogo wanaofanana na bakteria kwa umbo lakini walio wa ukoo tofauti kabisa. Na mwaka 2015 wakatangazwa Nitrospira wanaoifanya safari nzima peke yao, kutoka amonia mpaka nitrati. Baadhi yao walipatikana kwenye kichujio cha mtambo wa kufugia samaki. Viumbe hawa wote wana tabia moja inayomhusu mnunuzi: wanaishi kwa chakula kidogo sana na wanazaana polepole. Ndiyo maana tangi jipya huchukua wiki 4 hadi 6 kabla halijatulia. Mtu anayewapa makazi mapana na kuwaacha wakae anafuata maumbile yao. Anayewabana kwenye kikapu kidogo, akawapitishia maji kwa kishindo na kuwakamua kila Jumamosi, anapigana nao.

Hapo mwenye uzoefu atasimama na kusema: mbona mafundi wote hushauri maji yazunguke mara 4 hadi 10 kwa saa, na kwa samaki wa maziwa yetu mara 10 kabisa? Pingamizi hili ni la haki na lisipuuzwe. Kanuni hiyo ina chanzo chake, lakini chanzo hicho ni uchafu unaoonekana kwa macho. Frontosa mkubwa hutoa kinyesi kizito, Tropheus wanakwangua mawe kutwa nzima, na mkondo ukiwa dhaifu taka hutuama nyuma ya mawe na kuozea hapo. Mkondo wenye nguvu huziinua na kuzipeleka kwenye mdomo wa kichujio. Pia Tropheus wanatoka kwenye kingo za mawe zinazopigwa na mawimbi, nao huchangamka maji yakienda kasi. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, kazi ya kusukuma maji ndani ya tangi na kazi ya kuyachuja ni kazi mbili, na hakuna sharti kwamba zifanywe na chombo kimoja. Pampu ndogo ya kuzungusha maji, ile inayoshikwa na sumaku kwenye kioo, hutoa mkondo mpana kwa wati chache kwa sababu haina sponji ya kupenya wala mpira wa kupandisha. Ikikaa upande mmoja ikielekea nyuma ya mawe, na mdomo wa kichujio ukawa upande wa pili, uchafu utafika unakotakiwa, na kichujio kitaendelea na mwendo wake wa taratibu. Jambo jingine: zile lita kwa saa za kwenye boksi kwa kawaida hupimwa chombo kikiwa kitupu, bila sponji na bila kupandisha maji juu. Kikishajazwa na kufungwa chini ya tangi, nusu ya namba hiyo ni matokeo ya kawaida. Anayedhani amenunua mzunguko wa mara 10 huenda amekuwa akiishi na mara 4 au 5 miaka yote, na samaki wake wazima.

Tugeukie kelele. Fungua kichwa cha kichujio cha nje, yaani ile ndoo yenye kifuniko cha kubana inayokaa kabatini chini ya tangi, na utoe propela yake. Ni kipande kinachoenea kiganjani: silinda ya sumaku yenye tundu katikati, juu yake mabawa machache ya plastiki, na chote kimechomekwa kwenye kijiti chembamba cha kauri. Hakuna kinachokiunganisha na waya. Koili zilizozibwa ndani ya plastiki huivuta na kuisukuma sumaku ile, na kwa kuwa umeme wetu hugeuka mara 50 kwa sekunde, msukumo huo hupiga mara 100 kwa sekunde. Huo ndio mvumo mzito unaosikika usiku. Propela ikiwa imekaa sawasawa, kijiti kizima na maji yamejaa, mvumo huo ni hafifu mno, hausikiki nje ya kabati. Kijiti kikilika, propela hupata nafasi ya kuchezacheza na kuanza kugonga. Hewa ikinaswa, husikika mkwaruzo kama changarawe ndani ya kopo. Na mdomo wa kuvutia maji ukiziba, pampu hukosa maji ya kutosha na kulalamika. Karibu kelele zote ambazo watu wanazichukua kama hulka ya kichujio ni dalili za mojawapo ya mambo haya, na kila moja linatibika.

Kisha kuna mtetemo, ambao ni jambo tofauti na sauti inayopita hewani. Mvumo wa mara 100 kwa sekunde husafiri vizuri kwenye ubao. Kichujio kikiegemea ubao mwembamba wa nyuma wa kabati, kabati zima linakuwa ngoma na ubao ule ndio ngozi yake. Kipande cha sponji nene au mpira chini ya kichujio, pengo la vidole viwili kila upande, na mipira ya maji isiyogusa ukingo wa tundu inamopitia, hupunguza kelele kuliko kubadili kichujio kizima. Unene wa mipira nao una neno. Maji yakienda kasi ndani ya mpira, upinzani hukua kwa mraba wa kasi: kasi mara 2, upinzani mara 4. Na mpira wa milimita 12 kwa ndani ukiwekwa mahali pa ule wa 16, kwa maji yaleyale, upinzani hupanda kwa kiasi cha mara 4 pia. Pampu inayopigana na upinzani huo ndiyo inayounguruma, wakati kichujio kipana chenye mipira minene na mwendo wa polepole hakina cha kupigana nacho.

Vipimo vya sauti vinahitaji uangalifu, kwa sababu desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Nyongeza ya desibeli 10 ni nishati mara 10, ingawa sikio huisikia kama mara 2. Vyombo 2 vinavyolingana vikipiga pamoja huongeza desibeli 3 tu. Kutokana na hesabu hiyo, vichujio 2 vya wastani vinavyokwenda taratibu, kimoja kila upande wa tangi, kwa kawaida huwa kimya kuliko kimoja kilichosukumwa hadi mwisho wa uwezo wake, na kimoja kikiharibika samaki hawabaki bila kitu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kelele za mfululizo za chumba cha kulala zisizidi desibeli 30. Kichujio cha nje kilichofungwa vizuri kinaweza kukaa chini ya kiwango hicho mlango wa kabati ukifungwa. Wala ukimya huu si wa binadamu peke yao. Samaki husikia sauti nzito, na hupokea mitetemo ya maji kwa ule mstari unaopita ubavuni mwao. Madume ya mbuna hutoa milio mizito mifupimifupi wanapochumbia jike. Mtu anayeweka pampu inayounguruma kwenye maji yao amewawekea mashine ya kusaga mlangoni.

Wapo wanaohofia kwamba kichujio cha kimya kitawanyima samaki hewa, kwa kuwa wamezoea kuona maji yakidondoka kwa mchirizi na mapovu yakifoka. Hofu hii ina msingi, kwani maji ya nyuzi 25 hubeba kama miligramu 8 tu za oksijeni kwa lita, na samaki wengi wakibanwa huimaliza upesi. Ila oksijeni huingia majini kupitia uso wa maji unaosogea, na mapovu husaidia zaidi kwa kuyapandisha maji ya chini kuja juu kuliko kwa hewa iliyomo ndani yake. Bomba la kurudishia maji lenye matundu mengi, likilazwa kidole kimoja chini ya uso wa maji na kuelekezwa juu kidogo, hutikisa uso wote wa tangi bila kutoa hata mlio wa tone. Uso ukionekana unacheza kutoka kona hadi kona, kazi imefanyika. Kichujio cha kuning'inia nyuma ya kioo, ambacho kwa tangi dogo ni chombo kizuri, hapa kinashindwa kwa mambo mawili: tumbo lake ni dogo, na maji yakipungua kidogo tu kwa kukauka huanza kuporomoka kwa sauti.

Pingamizi zito kuliko yote kwa msomaji wa Afrika Mashariki ni umeme. Kichujio cha nje kimefungwa kabisa, hakipati hewa ila kwa maji yanayopita. Umeme ukikatika, lita 10 za maji zilizobaki ndani zina kama miligramu 80 za oksijeni, na tumeshaona kwamba bakteria wetu kwa kazi yao ya kawaida hutumia miligramu 70 kwa saa, kabla ya kuwahesabu wengine. Ndani ya saa moja hivi, hewa imekwisha. Zikipita saa nyingi, uchafu uliomo huanza kuoza, na umeme ukirudi pampu humwagia samaki maji machafu yasiyo na hewa. Mwaka 2023 gridi ya Kenya ilizimika zaidi ya mara moja karibu nchi nzima, na Tanzania mwaka huohuo ilikuwa kwenye mgawo. Hili si jambo la kufikirika. Kwa hiyo nasema bila kusita: katika miji yetu kichujio cha nje kisiwe peke yake. Ndani ya tangi, nyuma ya jiwe, pawe na sponji moja kubwa ya kusukumwa kwa hewa, iliyounganishwa na pampu ndogo yenye betri. Siku za kawaida inakwenda polepole na haisikiki. Umeme ukikatika inaendelea, bakteria wake wanaishi na samaki wanapumua. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, usikubali kichujio cha nje kiwake chenyewe. Kizime, mwaga maji ya ndani, suuza sponji, kisha kiwashe.

Mtu atauliza, kama sponji ya hewa inafanya yote hayo, kwa nini tusiishie hapo? Kwa mwenye matangi 20 ya kuzalishia samaki na chumba cha pembeni cha kuweka mashine ya hewa, ushauri wangu ni huohuo: sponji, na fedha inayobaki anunue chakula bora. Sebuleni mambo ni mengine. Tangi la lita 400 lenye samaki wakubwa lingehitaji sponji kadhaa nene zinazopokonya nafasi, na hewa nyingi yenye mapovu ya kuvuma usiku kucha. Njia nyingine ni tangi la pili kabatini, ambalo maji hushuka kwa bomba na kupandishwa na pampu. Kwa ukubwa wa makazi ya bakteria hilo linashinda kila kitu, na maji yake yanapata hewa. Linatoa mlio wa choo kinachovutwa endapo hewa na maji vinashuka pamoja bombani. Bomba likijaa maji tupu, kwa kurekebishwa na vali, na bomba la pili la dharura likawekwa pembeni, hushuka kimya kabisa. Ila linahitaji kioo kilichotobolewa na fundi anayeelewa asemalo, na kosa dogo la hesabu humwaga maji sakafuni siku umeme unapokatika. Anayejenga tangi jipya alifikirie. Aliye na tangi lililokwisha jazwa maji ashike kichujio cha nje.

Kuhusu gharama, kichujio kikubwa bei yake ni kubwa, hakuna namna ya kulikwepa hilo. Linganisha lakini na luku. Chombo hiki hakizimwi mwaka mzima. Kila wati 10 zinazowaka mfululizo hula karibu yuniti 88 kwa mwaka. Tofauti ya wati 20 kati ya pampu kali na pampu ya wastani ni yuniti 175. Ongeza sponji za kubadilisha kila mara, ongeza samaki wanaokufa. Mkaa wa kuchujia, taa za mionzi ya kuua vijidudu na chupa za bakteria vinavyouzwa pamoja na vichujio vinaweza kusubiri. Si sehemu ya uamuzi huu.

Kwa tangi letu la lita 400, basi, ningetafuta kichujio cha nje kinachobeba lita 8 hadi 12 za sponji na kauri, au viwili vya lita 5 kila kimoja, vyenye mpira wa milimita 16, na sponji ya awali kwenye mdomo wa kuvutia maji. Hiyo ya awali ndiyo ya kuoshwa kila wiki. Ya ndani huoshwa kila baada ya miezi kadhaa, kwa maji yaliyotolewa tangini, kamwe si kwa maji ya bomba yenye klorini: weka ndoo, ikamue sponji mara mbili au tatu mpaka matope ya kahawia yatoke, uirudishe ikiwa bado na utelezi wake. Kauri usiiguse siku hiyohiyo.

Ukifika dukani, usianze na lita kwa saa. Mwombe muuzaji afungue kifuniko, atoe vikapu, avipange juu ya meza uone vinabeba kiasi gani. Ashike propela mbele yako, uone kijiti ni cha kauri au cha chuma chembamba. Akiwashe ndani ya ndoo ya maji na uweke kiganja juu ya kichwa chake, ukisikilize kwa mkono. Kisha muulize kama ana propela, kijiti na mpira wa kifuniko vya akiba, kwa sababu ndivyo vitakavyochakaa kwanza. Kama hana, nenda duka jingine.